Sayansi na Imani chini ya Paa Moja: Tafakari juu ya Tamthilia ya "Young Sheldon"

Yapo maswali ambayo mtoto huyauliza wakati wa chakula, na mzazi akabaki ameduwaa. Nani alimwumba Mungu? Ikiwa ulimwengu una umri wa mabilioni ya miaka, mbona Maandiko Matakatifu yanataja siku sita? Ikiwa Mungu ni mwema, kwa nini amemwacha rafiki yangu afe? Wako wazazi wanaocheka, wako wanaokemea, na wako wanaosema, "Hayo utamwuliza padre." Kumbe, jibu la mzazi laweza kumfundisha mtoto jambo moja kubwa: ama nyumba ya waamini ni mahali pa kuuliza, ama maswali yake inambidi ayapeleke kwingine.

Maswali ya namna hiyo ndiyo yanayoibeba sehemu kubwa ya tamthilia ya vichekesho ya "Young Sheldon", iliyorushwa na kituo cha televisheni cha CBS nchini Marekani kuanzia Septemba 2017 hadi Mei 2024, kwa misimu 7. Tunapenda kuitafakari kwa sababu vijana wengi wanaifahamu, na kwa sababu ndani ya kicheko chake limo jambo ambalo Mama Kanisa amelitafakari kwa karne nyingi: uhusiano kati ya akili inayotafiti na moyo unaosadiki.

Familia ya Cooper

Hadithi inaanza mwaka 1989 katika mji wa kubuni uitwao Medford, jimboni Texas. Sheldon Cooper ana umri wa miaka 9, lakini kwa kipaji chake cha hisabati na fizikia ameingizwa sekondari pamoja na vijana wanaomzidi sana kwa umri na kimo. Baba yake, George, ni kocha wa mpira wa miguu wa Kimarekani. Wapo pia kaka yake Georgie, dada yake pacha Missy, na bibi mzaa mama, Connie, asiyekosa neno la utani. Katikati ya nyumba yupo mama, Mary, mwamini wa Kanisa la Kibaptisti, mwanamke wa sala, anayempenda mwanawe kuliko awezavyo kumwelewa.

Sheldon anatamka waziwazi kwamba yeye anaamini sayansi, wala haamini kuwa Mungu yupo. Hata hivyo, Jumapili anaketi kanisani kando ya mama yake, na mara kwa mara anainua mkono kumhoji mchungaji wao, Jeff. Watazamaji wa muda mrefu wanajua mtoto huyu atakuwa nani, kwa maana tamthilia hii ilizaliwa kutoka nyingine iliyoitangulia, "The Big Bang Theory", iliyorushwa kati ya mwaka 2007 na 2019, ambamo Sheldon ni mwanafizikia mtu mzima.

Ni vema tuseme mapema kwamba "Young Sheldon" si katekesi. Iliandikwa ili kuchekesha, na yamo ndani yake mambo yahusuyo ndoa na maadili ambayo mzazi Mkristo hatayapokea bila kuyapima. Wala hatuitazami ili kuwacheka ndugu zetu Wabaptisti, ambao tunashiriki nao imani katika Kristo Bwana. Tunaitazama kwa sababu maswali yake ni ya kweli, na yanayoulizwa pale Medford yanaulizwa pia katika jumuiya zetu.

Hoja dhaifu haimtumikii Mungu

Katika msimu wa kwanza, mchungaji Jeff anajaribu kuzungumza na Sheldon kwa lugha ya hisabati. Anamwambia kwamba Mungu ama yupo ama hayupo, basi uwezekano wa kuwapo kwake ni nusu kwa nusu. Mtoto hamwachi apumue. Anamweleza kwamba kuwa na majibu mawili si sawa na kuwa na uwezekano ulio sawa kwa yote mawili. Akirudi nyumbani, ama atakuta dola milioni moja kitandani pake ama hatazikuta; lakini ni nani atakayesema kwamba hiyo nayo ni nusu kwa nusu?

Watazamaji wanacheka, na mwamini anaweza kuona uchungu kidogo. Lakini tukubali ukweli: katika hoja hiyo Sheldon yuko sahihi. Na Mapokeo ya Kanisa yangekuwa upande wake. Mtakatifu Augustino, katika ufafanuzi wake wa Kitabu cha Mwanzo, aliwaonya Wakristo wanaozungumza ovyo kuhusu mbingu, nyota na mambo ya asili mbele ya watu wenye elimu hiyo, kwa sababu wasikilizaji wakishagundua kosa katika mambo wanayoyajua, hawatawasadiki tena katika mambo ya wokovu. Mtakatifu Thoma wa Akwino, karne ya 13, aliandika katika "Summa Theologiae" kwamba anayejitwika kazi ya kuthibitisha fumbo la imani kwa hoja zisizo na nguvu huwapa wasioamini nafasi ya kucheka, wakidhani kwamba tunasadiki kwa sababu ya hoja hizo. Kicheko cha wanaotazama televisheni, kumbe, kilitabiriwa karne saba zilizopita!

Kosa la mchungaji lina mzizi wa ndani zaidi. Uwezekano hupimwa kwa vitu vilivyomo ulimwenguni: mvua itanyesha au haitanyesha, mbegu itaota au haitaota. Lakini Mungu tunayemkiri si kitu kimoja zaidi katika orodha ya vitu. Yeye ndiye asili ya kuwapo kwa vyote, hata kwa akili inayofanya hesabu. Ndiyo maana Kanisa linafundisha, kama lilivyotamka katika Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano mwaka 1870, kwamba akili ya mwanadamu yaweza kumjua Mungu kwa hakika kupitia viumbe (taz. Hekima 13:1-9, Rum 1:20), lakini njia hiyo ni ya kutafakari sababu ya kuwapo kwa vitu, wala si ya kurusha sarafu.

Padre nyuma ya jina la tamthilia

Hapa tunapenda msomaji atambue jambo ambalo pengine halijui. Jina la tamthilia mama, "The Big Bang Theory", linatokana na nadharia ya kisayansi ya Mlipuko Mkuu, isemayo kwamba ulimwengu ulianza katika hali ya msongamano na joto kubwa mno, nao umekuwa ukipanuka tangu hapo. Miongoni mwa waasisi wa nadharia hiyo, jina la kwanza kutajwa ni la Padre wa Kanisa Katoliki, Georges Lemaître.

Lemaître alizaliwa Charleroi, nchini Ubelgiji, mwaka 1894. Alipigana katika Vita vya Kwanza vya Dunia, akapewa Daraja Takatifu ya Upadre mwaka 1923, kisha akaendelea na masomo Cambridge, nchini Uingereza, na baadaye Marekani. Mwaka 1927, akiwa mwalimu katika Chuo Kikuu Katoliki cha Louvain, alichapisha makala iliyoonesha kwamba ulimwengu unapanuka. Albert Einstein alikiri kwamba hesabu zake hazikuwa na kosa, lakini fizikia yake hakuipenda. Mwaka 1931 Lemaître alisonga mbele na kupendekeza kwamba ulimwengu wote ulitokana na kile alichokiita atomu ya awali. Mwaka 2018, Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia ulipendekeza kwamba kanuni ya kupanuka kwa ulimwengu, iliyokuwa ikiitwa kwa jina la Hubble peke yake, iitwe kanuni ya Hubble na Lemaître.

Lakini somo kubwa zaidi la Padre huyu limo katika kiasi chake. Mnamo Novemba 1951, Papa Pio XII, akizungumza na Taasisi ya Kipapa ya Sayansi, alisema kwa furaha kwamba sayansi ya kisasa inaelekea kushuhudia ule mwanzo ambapo Mungu alitamka kuwe na nuru. Mtu angedhani kwamba Padre Lemaître angeshangilia. Kinyume chake, aliingiwa na wasiwasi. Aliona kwamba nadharia yake ni ya fizikia, inaweza kurekebishwa au hata kukataliwa kesho, na kwamba si halali kuitwisha mzigo wa fundisho la imani. Papa alipozungumza na wanaastronomia mjini Roma mwaka uliofuata, hakurudia hoja ile kwa namna hiyo. Naye Lemaître aliendelea kuwa mwana mtiifu wa Kanisa, na kuanzia mwaka 1960 hadi kifo chake mwaka 1966 alikuwa Rais wa Taasisi hiyo hiyo ya Kipapa.

Tafakari hii inatusaidia kutofautisha mambo mawili. Sayansi inauliza ulimwengu ulifikaje hapa ulipo: kwa hatua zipi, kwa nguvu zipi, kwa muda gani. Fundisho la uumbaji linajibu swali la ndani zaidi: kwa nini kuna kitu badala ya kutokuwapo kitu chochote, na ni nani anayevitegemeza vyote hata sasa. Ndiyo sababu Katekisimu ya Kanisa Katoliki inafundisha kwamba Mungu, baada ya kuumba, haviachi viumbe vyake vijitegemee, bali anavidumisha katika kuwapo kila nukta (taz. KKK 301). Hata kama wanafizikia wangegundua kesho kwamba kabla ya Mlipuko Mkuu palikuwa na jambo jingine, imani yetu katika Muumba isingepungukiwa kitu.

Mama anapopungukiwa imani

Sasa tuje kwenye tukio ambalo, kwa maoni yetu, ndilo moyo wa tamthilia yote. Linapatikana katika msimu wa pili, sehemu ya tatu, iliyorushwa mwaka 2018. Binti mwenye umri wa miaka 16 anafariki dunia katika ajali ya gari. Mary anatikisika. Maneno ya faraja ambayo yeye mwenyewe amekuwa akiwaambia wengine hayamtoshi tena. Mungu mwema amewezaje kuruhusu hili?

Anayekuja kumsaidia ni yule asiyeamini. Sheldon anaketi na mama yake na kumpa anachokijua. Anamweleza kwamba kama nguvu ya uvutano ingezidi kidogo, ulimwengu ungejikunja na kuwa donge moja. Na kama ingepungua kidogo, vitu vyote vingetawanyika pasipo nyota wala sayari. Anataja pia uwiano kati ya nguvu zinazoshikilia atomu, ambao ungekuwa tofauti, uhai usingekuwapo. Je, hayo yote yametokea yenyewe tu? Mama anashangaa na kumwuliza kwa nini anamshawishi amwamini Mungu ambaye yeye mwenyewe hamwamini. Mtoto anajibu kwamba ni kweli haamini, ila usahihi wa ulimwengu unafanya wazo la Muumba liwe lenye mantiki.

Ndipo Mary anapotoa jibu lenye hekima kuliko yote katika tamthilia hii. Anamshukuru mwanawe, lakini anamwonesha kichwa na kusema kwamba mantiki inakaa huko. Kisha anaonesha moyo, na kusema kwamba shida yake iko hapo. Sheldon anafikiri, halafu anajaribu tena: duniani kuna watu bilioni 5, na katika wote hao wewe ndiye mama unayenifaa kabisa, uwezekano wa hilo ni kiasi gani? Mama anamkumbatia.

Tuliangalie tukio hili kwa makini. Hoja ya kwanza ya Sheldon si ya kupuuzwa. Mtakatifu Thoma naye, katika njia yake ya tano, aliinuka kutoka mpangilio wa viumbe hadi kwa Akili inayoviongoza. Lakini, kama Padre Lemaître alivyotufundisha, tusiiweke imani yetu yote juu ya namba ambazo wanafizikia bado wanazijadili. Hoja hiyo yaweza kutufikisha mlangoni. Haiwezi kutuingiza ndani. Maana mama aliyefiwa, au anayelia na waliofiwa, hatafuti kujua tu kama kuna Mbunifu. Anataka kujua kama huyo Mbunifu anampenda yule binti.

Katekisimu inakiri kwa unyofu kwamba kwa swali la uovu hakuna jibu la haraka linaloweza kutosha, na kwamba jibu ni imani ya Kikristo kwa ujumla wake: wema wa uumbaji, dhambi, upendo wa Mungu mvumilivu, Umwilisho wa Mwanae, Msalaba na Ufufuko (taz. KKK 309). Ayubu hakupewa ufafanuzi wa mateso yake, alijibiwa na Mungu mwenyewe kutoka katika upepo wa kisulisuli (taz. Ayu 38). Na Mary hakurudishiwa tumaini na uwiano wa nguvu za atomu, bali na upendo wa mtoto aliyekuwa mbele yake. Mtoto alidhani bado anafanya hesabu. Mama alisikia neema.

Hapa tusidhani kwamba akili ni ya sayansi na moyo ni wa imani, kana kwamba moyo ni hisia tupu. Katika Maandiko Matakatifu, moyo ni kiini cha mtu, mahali pa uamuzi, pa ukweli na pa kukutana na Mungu (taz. KKK 2563). Aliyelitambua vema hilo ni Blaise Pascal, mwanahisabati wa Ufaransa wa karne ya 17, mmoja wa waanzilishi wa hesabu za uwezekano anazozipenda Sheldon. Usiku wa tarehe 23 Novemba 1654 alipata mang'amuzi ya Mungu aliye hai, Mungu wa Abrahamu, Isaka na Yakobo, akayaandika katika karatasi aliyoishona ndani ya nguo yake hadi kufa. Hakuacha kuwa mwanahisabati. Papa Fransisko, katika Barua ya Kitume "Sublimitas et miseria hominis" ya tarehe 19 Juni 2023, alimkumbuka Pascal katika miaka 400 ya kuzaliwa kwake kama mtafutaji wa ukweli asiyechoka.

Ubatizo wa kumfurahisha mama

Mwisho wa tamthilia unaleta swali gumu la kichungaji. George, baba wa familia, anafariki ghafla kwa ugonjwa wa moyo. Mary, katika majonzi yake, anawasihi watoto wabatizwe, akihofia roho zao. Missy anakataa. Sheldon anakubali, ingawa haamini, kwa kuwa jambo hilo litamfariji mama yake.

Ni nani asiyeguswa na upendo huo? Lakini upendo wa mtoto kwa mama, uwe mkubwa kiasi gani, hauchukui nafasi ya imani ambayo Sakramenti inaidai. Kwa mujibu wa Sheria za Kanisa, mtu aliyekwisha kufikia umri wa kutumia akili hubatizwa kwa taratibu za mtu mzima: lazima awe ameonesha nia ya kupokea Ubatizo, awe amefundishwa vya kutosha kweli za imani na wajibu wa Kikristo, na awe amejaribiwa katika maisha ya Kikristo (taz. kanuni 852 na 865). Ubatizo ni Sakramenti ya imani. Si dawa ya kutuliza majonzi, wala zawadi anayopewa mzazi. Katika nukta hii ndugu zetu Wabaptisti wangekubaliana nasi, kwa maana wao husisitiza mno kwamba anayebatizwa akiri imani yake mwenyewe. Missy, kwa ukali wake wote, alikuwa na uaminifu fulani: hakutaka kusema "ndiyo" ambayo haikuwamo moyoni.

Kwa mama aliye na mtoto wa namna ya Sheldon, Kanisa lina mfano bora zaidi. Mtakatifu Monika alikuwa na mwana mwenye akili nyingi aliyeiacha imani ya mama. Alimwendea Askofu mmoja, akimsihi ajadiliane na kijana huyo. Askofu alikataa, akaona kwamba Augustino alikuwa bado hajawa tayari kufundishika, na kwamba atagundua makosa yake mwenyewe kwa kusoma. Alimshauri mama aendelee kusali, akamhakikishia kwamba mwana wa machozi kama yale hawezi kupotea. Monika alingoja miaka mingi. Augustino alibatizwa na Mtakatifu Ambrosi mjini Milano usiku wa Pasaka mwaka 387, kwa hiari yake na kwa imani yake.

Wazazi na makatekista wafanye nini?

Kwanza, tusiogope swali. Mtume Petro anatuagiza tuwe tayari daima kumjibu kila atuulizaye habari za tumaini lililo ndani yetu, tena kwa upole na heshima (taz. 1 Pet 3:15). Mtoto anayeuliza bado yuko nyumbani. Tuwe na hofu zaidi pale anaponyamaza.

Pili, tusijibu tusichokijua. Kusema "sijui, twende tukatafute pamoja" ni jibu la heshima, kwa Mungu na kwa mtoto. Mtaguso wa Pili wa Vatikano unatukumbusha kwamba utafiti unaofanywa kwa njia ya kweli ya kisayansi na kwa kufuata maadili hautapingana kamwe na imani, kwa sababu mambo ya dunia na mambo ya imani yana asili moja, yaani Mungu yule yule ("Gaudium et spes", 36). Historia pia inatufundisha unyenyekevu: Galileo Galilei alihukumiwa mwaka 1633, na mwaka 1992 Papa Yohane Paulo II alikiri wazi kosa la wanateolojia wa wakati ule.

Tatu, tuwajulishe watoto jamaa zao katika imani: Padre Lemaître na nyota zake, Gregor Mendel, mtawa wa Shirika la Mtakatifu Augustino, aliyepanda njegere katika bustani ya monasteri ya Brno na mwaka 1866 akachapisha kanuni za urithi, na Wajesuiti wanaochunguza anga hadi leo katika Kituo cha Vatikano cha Unajimu, kilichoanzishwa upya na Papa Leo XIII mwaka 1891. Sheldon wa tamthilia hakuwahi kukutanishwa nao. Wa kwetu na wakutanishwe.

Nne, na hili ndilo kubwa, tuwapende. Katika Waraka wa Kitume "Fides et ratio" wa mwaka 1998, Mtakatifu Yohane Paulo II alizifananisha imani na akili na mabawa mawili ambayo roho ya mwanadamu huruka nayo kuelekea kuutazama ukweli. Ndege hujifunza kuruka akiwa bado kiotani. Mzazi anayesikiliza swali gumu la mwanawe bila hasira, kisha usiku akapiga magoti na kumwombea kwa jina, anamfundisha mambo mawili kwa pamoja: kwamba ukweli hauogopi kuchunguzwa, na kwamba yupo Mmoja anayetujua na kutupenda kabla hatujajua kuhesabu.